Ukuta wa ufukweni umetoboka, halmashauri wanasema tusubiri Julai: tuchange au tusichange?

"Shikamoo Injinia. Mimi naishi Arusha, Sakina. Tuko wanawake wa kikoba kimoja na miaka miwili iliyopita tulichukua eneo la kuuzia chakula ufukweni kwenye jiji moja la pwani, mdogo wetu mmoja ndo anasimamia kule. Mbele yetu kuna ukuta wa bahari na njia ya watu kutembea juu yake. Tangu Desemba kuna shimo limefunguka nyuma ya ukuta, upana kama beseni la kufulia, na kwenye ukuta kuna ufa unaotoa kutu. Wamezungusha utepe basi. Tukiuliza tunaambiwa hela hamna mpaka bajeti mpya Julai. Diwani anasema wafanyabiashara tuchange. Kuna fundi wa Moshi amesema kwa milioni 18 atajaza kifusi, amwage zege juu na kupiga plasta, wiki mbili kazi imeisha. Sisi kikoba tunaweza kutoa milioni 6. Je ni kweli hakuna hela ya dharura? Tuchange au tusichange? Na kazi kama hii inafanywa miezi gani?"

Marahaba dada yangu, na poleni na wenzio. Naona mnaogopa mambo mawili kwa wakati mmoja, ukuta ukidondoka biashara imekwisha na mtu anaweza kuumia, na upande wa pili mkitoa hela ya kikoba ikaliwa na bahari hamtakuwa na cha kuwaambia wanachama. Woga wenu una msingi kote kuwili. Nianze na jibu lenyewe halafu nieleze: hiyo milioni 6 msiitoe kwa kazi aliyoisema huyo fundi. Shimo ni dharura kweli na linatakiwa lishughulikiwe kabla ya Machi haijachanganya, ila ukarabati wa ukuta wenyewe ni kazi nyingine, ina hela yake na ina miezi yake. Anayewauzia vyote viwili kwa mkupuo ndani ya wiki mbili hajakaa pale chini kwenye mchanga maji yakiwa yamekupwa akaangalia.

Watu wengi wakiona shimo juu wanafikiri tatizo liko juu. Jiulizeni udongo uliokuwa kwenye hilo shimo umeenda wapi. Umetoka kwa chini. Wimbi likigonga ukuta uliosimama wima nguvu yake haipotei, nyingine inarushwa juu na nyingine inashuka kuchimba mchanga pale ukuta unapokutana na ufukwe, kidogo kidogo, kila siku. Sisi watu wa Moshi na Arusha tumezoea maji yanayoshuka kutoka mlimani, yanafurika, yanapita, kesho yake unaenda kuangalia yameharibu nini. Bahari haipiti. Inajaa na kukupwa mara mbili kwa siku, leo na kesho na Krismasi. Mchanga wa mbele ukishashuka, chini ya msingi kunabaki uwazi, maji yakijaa yanapenya mpaka nyuma ya ukuta, yakikupwa yanatoka na udongo. Ni kama gunia la mahindi lililotoboka chini, kwa juu linaonekana limesimama vizuri tu, kumbe tumbo limeshakuwa tupu, na siku mdomo unapodidimia mahindi yalishamwagika zamani. Kwa hiyo lile beseni mnaloliona ni mdomo tu. Uwazi wenyewe chini ya njia ya kutembea unaweza kuwa mkubwa mara kadhaa, na jamvi la zege linaning'inia juu yake halionyeshi dalili yoyote mpaka siku linapovunjika.

Ndo maana kujaza kifusi kwa juu bila kuziba kule chini ni kuilisha bahari. Mtajaza lori tatu leo, bamvua mbili tatu (zile siku maji yanajaa na kukupwa kuliko kawaida) zikipita zimeondoka. Na zege jipya la juu linaongeza uzito kwenye kitu kisicho na mgongo.

Ufa wenye kutu nao una habari yake. Nondo zikiwa ndani ya zege zuri hazipati kutu kwa sababu saruji inazilinda. Chumvi ya bahari inapenya taratibu, miaka kwa miaka, ikifika kwenye nondo ule ulinzi unaisha na chuma kinaanza kula kutu. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo inavimba na kupasua zege kutoka ndani. Ufa mnaouona umetoka ndani kuja nje. Ukipiga plasta juu yake umefunika tu, chumvi iko ndani bado. Halafu kuna kitu ambacho hata mafundi wazuri wengi hawakijui: ukibandika zege jipya safi kwenye kipande kimoja ukaacha zege la pembeni lenye chumvi kama lilivyo, zile nondo za pembeni ya kiraka zinaanza kuoza kwa kasi kuliko mwanzo. Mwaka mmoja au miwili mbele unaona ufa mpya unazunguka kiraka na watu wanasema fundi aliiba saruji, wakati inawezekana saruji iliwekwa yote. Ukarabati wa kweli ni kubomoa lile zege lenye chumvi mpaka nyuma ya nondo, kusafisha au kubadilisha chuma, kumwaga zege zito lisilopitisha maji kirahisi na kufunika nondo kwa unene wa kutosha, milimita 50 mpaka 75 kwa mahali pa baharini. Na mchanga usiwe wa ufukweni. Nasisitiza hapa kwa sababu mchanga uko palepale bure na kishawishi ni kikubwa, ila ukiutumia umeweka chumvi ndani ya zege kuanzia siku ya kwanza.

Sasa kabla ya habari za hela kuna kazi ya wiki hii, na haina gharama. Kwanza hamisheni meza. Kama ukuta una urefu wa mita 3 kutoka mchangani, watu na mizigo vikae mita 5 au 6 nyuma yake, na watoto wasiruhusiwe kupita ndani ya utepe. Pili, mdogo wenu asubiri siku za mwezi mpya au mwezi mpevu, bamvua, ambapo maji yanakupwa sana, na kwa pwani yetu kwenye bamvua maji huwa yamekupwa kabisa kwenye saa nne saa tano hivi asubuhi. Ashuke chini akiwa na mtu mwingine, wasisimame karibu sana na ukuta, wapige picha mguu wa ukuta wote kuanzia mwanzo mpaka mwisho, wakiweka fito au fimbo ya mita pembeni ili mtu akiangalia ajue ukubwa. Aangalie vile vitundu vya kutolea maji ukutani: maji yanayotoka ni meupe au yana rangi ya udongo? Yakiwa na udongo ukuta unaendelea kujitapika saa hiyo hiyo. Achukue maka peni, aandike tarehe kwenye ncha zote mbili za ufa, wiki ijayo aangalie kama umevuka alama. Mambo madogo haya ndo yatageuza malalamiko yenu yawe ushahidi.

Tuje kwenye hela. "Hamna mpaka Julai" ni kweli nusu. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi unaisha Juni 30, na kitu ambacho hakikuandikwa kwenye bajeti ya mwaka huu mkurugenzi hawezi kuamka asubuhi akakilipia, angefanya hivyo ingekuwa hoja ya ukaguzi na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, angeikuta. Lakini haina maana kwamba mlango umefungwa. Halmashauri inaweza kuhamisha fedha kutoka kifungu kimoja kwenda kingine kwa utaratibu na vibali vyake, na kamati ya fedha na mipango inakaa kila mwezi, haingoji baraza la madiwani linalokaa kila robo mwaka. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 nayo inaruhusu ununuzi wa dharura pale maisha ya watu au mali viko hatarini, bila kupitia mzunguko wote wa zabuni wa kawaida. Na kama hatari ni kubwa kuna kamati ya usimamizi wa maafa ya wilaya chini ya Mkuu wa Wilaya, kwa mujibu wa sheria ya maafa ya 2022, ambayo inaweza kupandisha jambo mkoani na kuendelea juu.

Kinachokwamisha mara nyingi ni karatasi kuliko hela. Afisa Masuuli, yaani mkurugenzi anayewajibika kwa hela za halmashauri, anaogopa kusaini neno dharura bila ripoti ya mhandisi inayosema hivi: uwazi una ukubwa huu, watu wanapita hapa, tusipofanya hivi kabla ya tarehe fulani kitatokea hiki. Na ninamwelewa, maana mkaguzi atakuja kumuuliza, hii dharura ilikuja yenyewe au mliilea? Shimo lililoripotiwa Desemba likasubiri mpaka Mei linazidi kupoteza sifa ya kuitwa dharura, linaanza kuitwa uzembe wa kupanga. Kwa hiyo kila wiki mnayokaa bila barua ya maandishi mnaipunguzia halmashauri uwezo wa kutumia huo mlango.

Kabla ya barua lakini ulizeni ukuta ni wa nani. Usicheke, hili swali limeua kazi nyingi. Kama juu ya ukuta kuna barabara ya mjini, inawezekana uko chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, ambao hela zao nyingi zinatoka kwenye tozo ya mafuta kupitia Mfuko wa Barabara. Kama ni barabara kuu au ya mkoa hao ni TANROADS. Kama umeshikana na gati kuna mamlaka ya bandari. Na kama ni bustani na njia ya watembea kwa miguu tu, hapo ni halmashauri yenyewe. Barua ikienda kwa asiyehusika inakaa kwenye faili miezi mitatu na hakuna aliyekosea. Andikeni kwa mkurugenzi na nakala kwa hao wengine mnaowadhania, wajibizane wenyewe.

Ukarabati mkubwa ndo unahitaji bajeti ya Julai, na hapo mko kwenye wakati mzuri kuliko mnavyofikiri, maana Januari na Februari ndo halmashauri nyingi zinapitisha rasimu za bajeti ya mwaka unaofuata. Diwani wenu badala ya kuwaambia mchange akahakikishe ukuta umeandikwa kwa jina lake kwenye rasimu, na kabla ya hela ya ujenzi kuwe na hela ya upimaji na usanifu. Hiyo ya usanifu ni ndogo na ndo inasahaulika, Julai inafika hela ya ujenzi ipo, mchoro hamna, zabuni haiwezi kutangazwa kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni, mwaka unaisha hela haijatumika.

Najua mtaambiwa pia habari za wafadhili. Ni kweli kuna kuta zimejengwa hivyo, ule wa Barack Obama Drive Dar es Salaam ulijengwa kwa fedha za kimataifa za mabadiliko ya tabianchi kupitia Ofisi ya Makamu wa Rais, ila fedha za namna hiyo zinachukua miaka tangu kuombwa mpaka fundi kufika saiti. Zinafaa kwa ukuta mpya wa kilomita nzima. Haziwezi kuziba shimo lenu. Hapo Arusha mmeona barabara za TACTIC, mradi wa miji 45 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, nao orodha za kazi zinapangwa mapema sana. Na kuna anayeweza kuwaambia mbona Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, walitoa hatifungani ya kijani (mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi wa mazingira) 2024 wakapata zaidi ya bilioni 53, jiji lishindwe nini? Tanga UWASA wana bili za maji, kila mwezi watu wanalipa na mwenye hatifungani anarudishiwa kutoka humo. Ukuta wa bahari haumtozi mtu bili. Labda jiji litenge ushuru wa maegesho na kodi za vibanda vya ufukweni kwa ajili ya matunzo, na hilo mimi nalipenda sana kwa matunzo ya kila mwaka, ila kwa mkopo mkubwa halitoshi.

Kwenye kuchanga sasa. Sikatazi. Wafanyabiashara wa ufukweni wananufaika na ule ukuta na kushiriki ni jambo jema, lakini mchangie kitu chenye mwisho unaoonekana: uzio imara badala ya utepe, viroba vya mchanga na mawe ya kuhifadhi mguu wa ukuta kwa muda, au gharama ya kumleta mhandisi apime na kuandika ripoti. Hela iingie halmashauri kwa kontrol namba na mpewe risiti, isipitie mfukoni kwa mtu, hata awe mwema kiasi gani. Na kazi ifanywe kwa kibali cha mwenye ukuta. Mkimlipa fundi wenyewe akachokonoa ukuta wa umma ukaanguka wiki inayofuata, mtakaoulizwa ni nyinyi. Lingine, dada yangu, na hili naomba mlichukulie kwa uzito: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Angalieni mkataba na kibali chenu vinasemaje kabla hamjaanza kuandika barua kali, kwa sababu mtu wa kwanza atakayesoma barua atafungua faili lenu pia.

Ratiba. Hapa ndo kalenda ya hela na kalenda ya bahari zinapogongana. Machi na Septemba bamvua huwa kubwa kuliko miezi mingine, na masika inaanza Machi mpaka Mei, mvua inajaza maji nyuma ya ukuta yanausukuma kutoka ndani wakati mawimbi yanachimba kutoka nje. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika mpaka Mafia, kwa hiyo hata kimbunga si cha kusimuliwa cha Msumbiji tu. Halafu kuanzia Juni kusi inavuma kwa nguvu. Maana yake kazi ya kuimarisha kwa muda, mawe kwenye mguu wa ukuta juu ya kitambaa cha kuchuja ili mchanga usipenye, kuziba maungio, kisha ndo kujaza nyuma kwa kokoto na moramu ya kushindilia, inatakiwa Februari hii. Mawe yawe makubwa kweli, yale ya mtu mmoja kubeba mawimbi yanayazungusha yanageuka nyundo za kuupiga ukuta.

Ukarabati wa kudumu uangukie Oktoba mpaka Februari, kati ya kusi na masika, mvua za vuli zinasumbua ila zinavumilika, ingawa kama ufukwe wenu unatazama kaskazini mashariki basi Desemba na Januari kaskazi itawapiga na mhandisi wa hapo ajue hilo. Ukiangalia hivyo, Julai si mbaya kabisa. Julai bajeti inafunguka, Julai mpaka Septemba zabuni na mkataba, Oktoba mkandarasi anaingia. Ubaya ni kama miezi mitano kutoka sasa itapita bila usanifu, hapo Oktoba inakuwa Januari na Januari inakuwa masika nyingine.

Na ndani ya mwezi pia hamna uhuru wa kuchagua. Kule chini kwenye msingi kunafikika vizuri siku chache za bamvua tu, mara mbili kwa mwezi, kila siku kwa masaa machache, maji mafu (siku ambazo maji hayakupwi sana) yakiingia unakaa juu unafanya kazi nyingine. Wale kina mama wanaolima mwani wanaishi kwa kalenda hiyo hiyo, waulizeni watawapangia ratiba nzuri kuliko programu ya kompyuta. Sasa fundi akisema wiki mbili maana yake amepata bamvua moja, siku nne tano za kufikia mguu wa ukuta. Hajahesabu. Bado zege linahitaji siku 28 kufikia nguvu linayopimiwa na linatakiwa lilindwe na maji ya chumvi siku zake za mwanzo.

Huyo ndugu wa Moshi simsemi kwamba ni tapeli. Anaweza kuwa fundi mzuri sana wa nyumba. Muulizeni mambo matatu: usajili wake wa Bodi ya Makandarasi ni wa daraja gani na aina gani ya kazi, ni mhandisi yupi aliyesajiliwa atasaini mchoro, na kwenye BOQ yake (orodha ya kazi na bei zake) mguu wa ukuta umeandikwa mstari wa ngapi. Kama mguu wa ukuta haumo, mazungumzo yameisha. Na hata kwa utaratibu wa fosi akaunti (taasisi ya umma kusimamia ujenzi yenyewe kwa kutumia mafundi wa kawaida) ambao tumejengea madarasa na zahanati nyingi, kazi ya baharini nisingeishauri, labda kile kipande cha kuweka viroba na uzio.

Maelezo yangu haya ni ya mtu aliye Moshi hajauona ukuta wenu, kwa hiyo yana kikomo. Aitwe mhandisi aje kwa miguu yake, siku hiyo hiyo, mkiona lolote kati ya haya: ufa umevuka alama ya maka peni, ukuta umeanza kuegemea baharini hata kidogo, jamvi linatoa sauti ya utupu ukiligonga kwa nyundo mbali na shimo, au maji yanabubujika kwenye shimo wakati wa kujaa. Hapo msisubiri barua ijibiwe, pigeni simu kwa ofisi ya mkuu wa wilaya na zimamoto na mfunge biashara mpaka akague.

Kama dalili hizo hamna, mna muda wa kufanya mambo kwa mpangilio. Barua iwe kurasa mbili tu: shimo lilionekana lini, picha sita saba zenye tarehe, mnaomba uzio na uimarishaji wa muda kabla ya katikati ya Machi, na mnaomba usanifu uingie kwenye bajeti inayopitishwa sasa. Semeni wazi kikoba kiko tayari kuchangia ripoti ya mhandisi kwa kontrol namba, hiyo sentensi itafungua milango kuliko malalamiko ya ukurasa mzima. Mdogo wenu aulize masjala kamati ya fedha inakaa tarehe ngapi, barua iwe imefika wiki moja kabla, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ibaki kwenu.